Kabati la Urithi na Vumbi la Rangi ya Zamani

Nyumba za Kiswahili zinazidi kupungua katika mitaa ya Kariakoo. Palipokuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, sasa pamesimama ghorofa lenye maduka chini na makazi juu. Familia inayohama kupisha ujenzi hubeba kinachobebeka, na mara nyingi kitu cha kwanza kutafutiwa nafasi katika gari ni samani ya mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki: kabati la vyombo, meza ya kulia, kitanda cha samadari, au kiti alichozoea kukalia barazani jioni. Samani hizo zilichongwa kwa mninga, mvule au mkongo, mbao ambazo bei yake leo humshinda mtu wa kipato cha kawaida. Zimepakwa rangi mara nyingi kadiri nyumba ilivyopita katika harusi, Sikukuu na misiba. Chini ya nyeupe kuna kijani, chini ya kijani kuna njano, na chini ya yote kuna mbao.

Kuifanya upya samani ya namna hii ni jambo la busara. Huokoa fedha, huokoa msitu, na huhifadhi kumbukumbu. Mafundi wa Gerezani na Keko wamelea watoto wao kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kazi hiyo ina hatari ambayo haionekani na hainuki, na ambayo humdhuru zaidi yule asiyeshika brashi wala msasa: mtoto anayetambaa sakafuni, na mwingine ambaye bado hajazaliwa.

Mfano ufuatao si wa familia moja mahususi, bali umejengwa kwa mambo yanayojirudia katika familia nyingi. Mama mmoja amehamia ghorofa ya tatu pamoja na binti yake mwenye mimba ya miezi saba na mjukuu wa miaka miwili. Amekuja na kabati la marehemu mama yake. Anataka litengenezwe kabla ya mtoto kuzaliwa, ili nguo za mtoto ziwekwe humo. Fundi anapanda ngazi, analigonga kabati kwa kifundo cha kidole, anakwangua kona moja kwa ukucha, kisha anatoa hesabu yake.

"Mama, ukitaka rangi juu ya rangi, keshokutwa nakukabidhi," anasema. "Ukitaka mbao ionekane, lazima nichubue mpaka chini. Hapo tuzungumze siku nne."

"Nataka mninga wangu uonekane, fundi. Marehemu hakulinunua hili lifichwe."

"Sawa, mama. Na kulishusha chini ni gharama nyingine. Nitafanyia hapa hapa koridoni."

Kwa sikio la seremala, hayo ni mazungumzo ya siku na bei. Kwa sikio la mhudumu wa afya, ni mazungumzo ya vumbi: litakuwa kiasi gani, litatua wapi, na nani atalivuta au kulila.

Rangi ya kufunika na rangi ya kupenya

Anayeifanya upya samani ana njia kuu mbili. Ya kwanza ni rangi ya kawaida, ambayo hukaa juu ya ubao kama ngozi na kuuficha. Ya pili ni rangi nyepesi ya mbao, ambayo huzama ndani ya nyuzi za ubao, ikazidisha wekundu au weusi wake huku mistari ya asili ikiendelea kuonekana. Juu yake hupakwa vanishi ya kuilinda. Kwa urahisi, ya kwanza na iitwe rangi ya kufunika na ya pili rangi ya kupenya.

Tofauti ya njia hizi mbili haiishii kwenye sura. Rangi ya kufunika inaweza kupakwa juu ya rangi ya zamani, mradi ile ya zamani imeshika vizuri, imeoshwa, na imekwaruzwa kidogo ili mpya ipate pa kujishikiza. Rangi ya kupenya haiwezi. Inahitaji ubao mtupu, kwa kuwa haipenyi mahali ambapo matundu ya mbao yamezibwa. Kila tabaka lililopakwa tangu kabati lilipotoka kwa seremala wake wa kwanza halina budi kuondolewa. Likiondolewa kwa msasa mkavu, na hasa kwa mashine ya umeme, matabaka yote hayo hugeuka unga mwembamba unaoelea hewani.

Kwa hiyo, anayechagua kati ya kufunika na kupenya anachagua pia kiasi cha vumbi litakaloingia nyumbani mwake. Uchaguzi huo ni wa kiafya sawasawa na ulivyo wa urembo, na unafaa kufanywa kabla fundi hajafungua sanduku lake la vifaa.

Kilichomo ndani ya matabaka

Kwa zaidi ya karne moja, viwanda vya rangi duniani vilichanganya madini ya risasi katika rangi za mafuta. Risasi iliifanya rangi ing'ae, ikauke haraka, na istahimili maji na jua. Baadhi ya rangi nyeupe za zamani zilitengenezwa kwa risasi yenyewe. Njano, chungwa, nyekundu na baadhi ya kijani zilipata ukali wake kutokana na michanganyiko ya madini hayo.

Madhara yake kwa watoto hayakugunduliwa jana. Mwaka 1904, daktari J. Lockhart Gibson wa Brisbane, katika jimbo la Queensland nchini Australia, aliandika kuwa watoto aliowatibu walikuwa wakipata sumu ya risasi kutoka kwenye kuta na vizuizi vya varanda vilivyopakwa rangi. Katika jua kali la nchi hiyo, rangi ilichakaa ikawa unga kama chaki. Watoto waliushika, kisha wakatia vidole kinywani. Anayeijua baraza ya Pwani, jua lake, na watoto wanaoshinda hapo, haoni shida kuielewa picha hiyo. Mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi katika makazi mwaka 1978. Nchi nyingi nyingine zilichelewa zaidi.

Nchini Tanzania, AGENDA, asasi ya mazingira yenye makao yake Dar es Salaam, imepima kwa nyakati tofauti rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani na kukuta baadhi yake zina risasi nyingi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira yanapendekeza kikomo cha kisheria cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi. Mnunuzi wa rangi mpya anaweza kujikinga kwa kutafuta kopo lenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania na maelezo yanayosema kuwa rangi haina risasi, na kwa kukataa rangi iliyopunguzwa kwenye kopo lisilo na lebo.

Rangi ya zamani haina lebo. Haiwezekani kujua kwa macho kama lile tabaka la njano lina risasi au halina. Maabara au kifaa maalumu cha kupimia ndicho kinachoweza kusema. Pasipo kipimo, kanuni salama ni moja: kila rangi ya mafuta ya zamani ihesabiwe kuwa ina risasi. Samani ambayo haijawahi kupakwa rangi, bali vanishi au pulishi pekee, ina shaka ndogo zaidi, ingawa vumbi lake nalo si la kuvuta.

Vumbi linavyoingia mwilini

Risasi haina kazi yoyote mwilini, wala hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Huingia kwa pua vumbi linapovutwa, na kwa kinywa linapomezwa. Mtoto mdogo hutambaa mahali vumbi linapotua, hutia mikono na vitu vya kuchezea kinywani mara nyingi kwa siku, na utumbo wake hunyonya risasi mara nne hadi tano zaidi ya utumbo wa mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu huinyonya zaidi. Katika mji ambao upungufu wa damu kwa watoto ni jambo la kila siku kliniki, hilo si la kupuuzwa.

Ikishaingia, risasi husambaa kwenye ubongo, ini na figo, na sehemu kubwa hujificha katika meno na mifupa kwa miaka mingi. Kwa kiwango cha chini, mtoto haonyeshi dalili yoyote. Kinachoharibika ni uwezo wake wa kujifunza, umakini wake na tabia yake, na uharibifu huo mara nyingi haurudi nyuma. Kiwango kikipanda huja maumivu ya tumbo, choo kigumu, kukosa hamu ya kula, uchovu, hasira zisizo na sababu na upungufu wa damu. Kikipanda mno, huja degedege, kupoteza fahamu na kifo.

Kwa mjamzito, hatari ina milango miwili. Vumbi analolivuta leo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Tena, risasi iliyokuwa imelala mifupani mwake tangu utotoni huweza kutoka pamoja na kalsiamu wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Kuharibika kwa mimba, kuzaa kabla ya wakati na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo ni miongoni mwa madhara yanayohusishwa nayo. Ndiyo sababu yule binti wa ghorofa ya tatu hapaswi kuwa chumba cha pili wakati koridoni panapigwa msasa. Anapaswa kuwa nyumba nyingine, yeye na mtoto wake wa miaka miwili, hadi kazi iishe na mahali pasafishwe.

Mwili wa fundi

Fundi ndiye anayelivuta vumbi hilo kila siku ya kazi. Kwa mtu mzima, risasi hupandisha shinikizo la damu, hudhuru figo, na huweza kupunguza nguvu za uzazi za mwanamume. Fundi anaporudi nyumbani akiwa na nguo zile zile na kumpakata mwanawe, humkabidhi sehemu ya vumbi la mchana.

Mbao yenyewe nayo ina yake. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na upele kwa baadhi ya mafundi, na mninga nao umeripotiwa kuwasha pua na kifua. Mafundi wengi hulizoea jambo hilo, wakaliita mafua yasiyoisha. Ishara ya kuangalia ni rahisi: kikohozi au kubanwa kifua kunakozidi siku za kazi na kupungua siku za mapumziko. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na mianzi yake, na limeiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi hilo hilo.

Kisha kuna mvuke wa tina, kile kiyeyusho kinachotumika kulainisha rangi na vanishi. Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na hali kama ya ulevi jioni baada ya kazi si dalili za uchovu tu, bali ni ubongo unaolalamika. Kwa miaka mingi, mvuke huo hudhoofisha kumbukumbu na hisia. Barakoa ya kitambaa, au ile ya buluu ya hospitalini, haizuii mvuke hata kidogo, na vumbi laini huizuia kidogo tu. Dhidi ya vumbi inahitajika barakoa ya aina ya N95 au iliyo bora zaidi, iliyokaa barabara usoni. Dhidi ya mvuke inahitajika ile yenye vichujio vya kaboni, na juu ya yote, hewa inayopita.

Dawa za kuchubua rangi zahitaji tahadhari ya pekee. Baadhi yake zina diklorometheni, ambayo ikivutwa mwili huigeuza kuwa hewa ya ukaa yenye sumu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Watu wamekufa wakizitumia katika vyumba vilivyofungwa, na mwaka 2019 Marekani ilizuia kuuzwa kwake kwa matumizi ya nyumbani. Kostiki soda, ambayo nayo hutumika kuchubua, huunguza ngozi, macho na koo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa fidia kwa maradhi yanayotokana na kazi. Lakini fundi anayejitegemea, mwenye randa yake na kijana mmoja wa kumsaidia, mara nyingi hana mwajiri wa kudaiwa. Kinga yake ya kwanza ni elimu yake mwenyewe na mteja anayekubali kulipia siku moja zaidi ili kazi ifanywe kwa usalama.

Chupa ya maji yenye tina

Kabla kabati halijakamilika, ipo hatari nyingine ya haraka kuliko zote. Tina, tapentaini, spiriti na mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo kidogo na kutiwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kisha chupa huachwa sakafuni kando ya brashi. Mtoto mwenye kiu haulizi. Akinywa, kinachotishia uhai wake zaidi ni kimiminika hicho kuingia katika mapafu, jambo linaloweza kutokea kwa funda moja tu.

Likitokea, mtoto asitapishwe, wala asipewe maziwa, mafuta au maji mengi kwa lengo la kuua sumu. Kutapika hukipa kimiminika nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Avuliwe nguo zilizolowa, ngozi ioshwe kwa sabuni, apelekwe kituo cha afya mara moja, na chupa yenyewe ibebwe ili wahudumu wajue alichokunywa. Kinga yake ni nyepesi: vimiminika hivi vikae katika chombo cha asili chenye lebo, kimefungwa, mahali pa juu, kilichobaki fundi aondoke nacho.

Vitambaa navyo visisahauliwe. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, au rangi ya mbao yenye mafuta hayo, hutoa joto kinapokauka. Kikikunjwa na kutupwa kwenye rundo, huweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandazwe nje kikauke, au kizamishwe katika maji ndani ya kopo lenye kifuniko. Wakazi wa Kariakoo, walioshuhudia soko lao likiungua Julai 2021, hawahitaji kuelezwa moto unavyokwenda mahali palipobanana.

Kulifanya upya kabati bila kuamsha sumu

Hakuna sababu ya kuitupa samani ya urithi. Rangi iliyoshika vizuri ubaoni, isiyotoa unga wala magamba, haimdhuru mtu anayepita mbele yake. Inayodhuru ni ile iliyogeuka vumbi au kumezwa. Hatua zifuatazo hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa.

Kwanza, samani ichunguzwe. Ikiwa ni vanishi au pulishi tu, huenda isihitaji msasa kabisa. Weusi mwingi wa samani za kale ni moshi, mafuta ya mikono na nta iliyokusanya uchafu. Maji ya sabuni na kitambaa laini huondoa sehemu kubwa. Kisha tone la spiriti liwekwe mahali pasipoonekana. Ulaini ukitokea na kidole kikanata, hiyo ni pulishi ya shelaki, nayo hufufuliwa kwa kupaka nyingine juu yake bila kuchubua.

Pili, ikiwa kuna rangi ya mafuta ya zamani iliyoshika vizuri, ifunikwe. Kabati lioshwe kwa maji ya sabuni, likwaruzwe kwa msasa wa maji uliolowa, tope lake lifutwe kwa vitambaa vyenye maji kabla halijakauka, kisha lipakwe rangi ya awali na rangi mpya ya maji isiyo na risasi. Rangi za maji hutoa mvuke mchache na hukauka haraka kuliko za mafuta. Sehemu zinazosuguana, kama kingo za milango na reli za droo, zipunguzwe kwa kuloweshwa maji ili zisisagane na kuzalisha vumbi jipya kila kabati linapofunguliwa.

Tatu, ikiwa mwenye samani anataka kwa vyovyote mbao ionekane, kazi isifanyike nyumbani. Ifanyike karakana au mahali pa wazi, mbali na watoto, wajawazito na wapishi, juu ya turubai linaloweza kukunjwa na uchafu wake. Rangi ilainishwe na kukwanguliwa ikiwa na unyevu. Isipigwe msasa mkavu, wala isichomwe kwa moto, kwa kuwa moto hugeuza risasi kuwa mvuke. Makapi yafungwe ndani ya mifuko miwili. Vipande vya mbao zenye rangi visigeuzwe kuni, na hasa visifike jikoni kwa mama lishe.

Nne, usafi uwe wa maji. Ufagio wa chelewa hulirusha vumbi hewani likatue upya. Dekio lililolowa hulikusanya. Fundi anawe mikono na uso kabla ya kula, abadilishe nguo kabla ya kupanda daladala, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Rangi iliyoganda mikononi huondoka kwa mafuta ya kupikia na sabuni. Tina si maji ya kunawia.

Tano, kitanda cha mtoto kiwe nje ya hesabu hii yote. Mtoto anayeota meno huguguna kingo za kitanda, na rangi ya zamani iliyofunikwa kwa rangi mpya bado i karibu na meno yake. Kitanda cha zamani chenye rangi isiyojulikana kisitumike kumlaza mtoto, hata kama baba na babu yake walilala humo.

Kwa wahudumu wa afya

Sumu ya risasi haigunduliki isipofikiriwa. Mtoto mwenye upungufu wa damu jijini Dar es Salaam hufikiriwa kwanza malaria, minyoo, lishe na selimundu, na ndivyo ipasavyo. Lakini mtoto ambaye damu haipandi licha ya matibabu, au mwenye maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, kuchelewa kukua kiakili, au degedege lisilo na homa, anastahili maswali machache zaidi. Baba au mlezi anafanya kazi gani? Je, kuna rangi, betri au vyuma vinavyoyeyushwa karibu na nyumbani? Kuna samani au ukuta uliochubuliwa hivi karibuni? Mtoto anakula udongo au magamba ya rangi? Kliniki ya wajawazito nayo ni mahali pazuri pa kuuliza kama nyumba inafanyiwa matengenezo, kwa kuwa ni desturi ya watu kuiandaa nyumba kabla ya mtoto kufika.

Kipimo ni kiwango cha risasi katika damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza kuwa kiwango cha mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi kitoshe kuanza kutafuta chanzo na kukiondoa. Kwa mtoto wa miaka 10 au chini ya hapo mwenye mikrogramu 45 kwa desilita au zaidi, inapendekezwa tiba ya dawa zinazoshika risasi na kuitoa mwilini. Dawa hizo hazifai kitu ikiwa mtoto anarudishwa kwenye vumbi lile lile. Chuma na kalsiamu virekebishwe pale vinapopungua. Mama asiachishwe kunyonyesha bila ushauri wa kitaalamu.

Kwa mtoto aliyekunywa tina au mafuta ya taa, tumbo lisioshwe kwa mpira. Apewe oksijeni akihitaji, na hata akionekana mzima aangaliwe kwa muda usiopungua saa sita, kwa sababu dalili za mapafu huweza kuchelewa. Kwa fundi mwenye kikohozi cha muda mrefu, swali la kazi yake lifuatane na kipimo cha kifua kikuu. Majibu yote mawili huweza kuwa ya kweli kwa mtu mmoja.

Kabati la ghorofa ya tatu

Yule mama na fundi wake hawakulazimika kuchagua kati ya kumbukumbu ya marehemu na afya ya mjukuu. Kabati lingeweza kushushwa ngazi na kupelekwa karakana kwa nauli ya mkokoteni. Mwili wake, wenye matabaka mengi na nakshi ngumu kukwangua, ungeoshwa na kufunikwa kwa rangi mpya. Uso wa juu na milango miwili, ambayo ni bapa na huondoka kwa bisibisi, ingechubuliwa kwa unyevu uwanjani, ikapakwa rangi ya kupenya na vanishi ya maji, na mninga ukaonekana pale jicho linapotua kwanza. Kazi ingechukua siku sita badala ya nne. Kabati lingekaa wazi mahali penye hewa hadi harufu iishe kabisa, ndipo lirudi ghorofani na nguo za mtoto zipangwe ndani.

Gharama iliyoongezeka ni nauli na siku mbili za fundi. Hiyo ndiyo hesabu inayofaa kuwekwa mezani siku fundi anapokwangua kona ya kabati kwa ukucha wake, na anayeweza kuitaja ni yeyote aliyepo: mwenye kabati, binti yake, au fundi mwenyewe.